Panga Juu ya Mishipi

Mjomba wangu hakukubali kitu kiingie kapuni kabla hakijapita mkekani. Usiku wa kuamkia safari ya Ziwa Jipe alitandika mkeka sebuleni, hapo Voi, akawasha karabai, akavipanga vyombo vya kuvulia samaki kwa safu. Mara ya kwanza kunichukua ilikuwa likizo ya Agosti 1985. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa kutaja jina la kila kitu alichokinyooshea kidole. Nikisahau kimoja, tulianza upya.

Mishipi mitatu ya nailoni, kila mmoja umezungushwa kwenye kibao chake. Ndoana, zile ndogo za perege na chache kubwa za kambare, zimechomekwa kwenye kipande cha kandambili kuukuu zisije zikachoma mtu. Chubwi hatukununua. Voi ni mji wa reli, na mjomba alikuwa mtu wa reli; nati zilizokwisha kazi zilitosha kuzamisha mishipi yetu miaka yote. Kopo la Kimbo lilibeba kibiriti na chumvi. Kopo la Blue Band, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, lilibeba nyungunyungu niliowachimba chini ya bomba lililovuja nyuma ya nyumba, maana Agosti hapakuwa na mahali pengine penye udongo mbichi. Halafu kisu, kata ya kutolea maji mtumbwini, na kamba ya katani.

Kamba hiyo aliithamini kuliko vyote. Wilaya yetu ilikuwa ya mkonge; ukitoka Voi kwenda Mwatate unapita mistari ya mikonge mpaka macho yanachoka, na kapu lenyewe lilikuwa la katani, kazi ya akina mama wa Kasigau. Kila kitu kilichoingia humo kilikuwa na kipande chake cha kamba, na mtumbwini kilifungwa ubavuni. "Mtumbwi ukipinduka," aliniambia, "wewe utaogelea. Kisu hakijui kuogelea." Kizito kilikaa chini, na hakuna kilichoruhusiwa kuinuka kupita ukingo, kwa sababu mtumbwi wa gogo ni mwembamba na mzigo wa juu huufanya ulewe. Panga alilifunga kwenye gunia pamoja na sufuria. Lilikuwa la kuni tu.

Njia ilikuwa ya vumbi jekundu: Mwatate, Bura, Maktau, kisha kukatiza Tsavo Magharibi hadi Taveta, zaidi ya kilomita 100 juu ya lori. Nilishika kopo la nyungunyungu mapajani njia nzima na kuwafunika kwa kitambaa chenye maji. Kutoka Taveta tulishuka kusini mpaka ufukweni, ambako mjomba alikuwa na rafiki mwenye mtumbwi, mzee wa Kitaveta aliyevua kwa migono, ile mitego ya kusuka yenye mdomo unaoingiza samaki na kumnyima njia ya kutoka. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Mmeniletea katani?" Ndiyo sababu kamba ilikuwa nyingi kuliko mahitaji yetu.

Jipe si ziwa la kina. Sehemu nyingi hazifiki mita 3, ndiyo maana wenyeji husukuma kwa upondo kuliko kupiga kafi. Maji yake huletwa na Mto Lumi kutoka upande wa Kilimanjaro, mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati, na ng'ambo imesimama milima ya Upare. Nakumbuka weupe wa maji yaliyo wazi asubuhi ile. Matete yalikuwa pindo tu kandokando ya ziwa, na viboko tuliwaona kwa mbali, tukawapisha.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa perege jike. Mjomba alimfumbua mdomo kwa kidole gumba, na kumbe ndani mlijaa vifaranga, macho meusi kama mbegu za mchicha. Perege hulea mdomoni. Akamrudisha majini taratibu, akisubiri mpaka atulie, nami nikalia kwa sababu alikuwa wangu. Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba perege yule ana jina lake la kisayansi, Oreochromis jipe, na kwamba alielezwa kisayansi mwaka 1955 na mtafiti Rosemary Lowe, na kwamba asili yake ni bonde la Pangani tu, ambalo Jipe ni sehemu yake. Siku ile nilijua tu kuwa nimenyang'anywa kitoweo.

Tulikwenda karibu kila mwaka. Katika miaka ya 1990 vitu vya mkekani vilianza kubadilika. Nyavu za nailoni zilishuka bei, na ufukweni tukaanza kuona migono imetupwa, imekauka, kuku wanatagia ndani. Mjomba naye alinunua wavu, lakini aliupima jicho kwa vidole vitatu, na dukani alikataa nyavu zisizopitisha hata viwili. Wengine walinunua. Wavu wa jicho dogo haumfumbui jike mdomo kumwangalia. Humchukua yeye na vifaranga vyake pamoja. Mpaka leo hilo linaniuma, na sitalisema kwa upole. Perege wa kiganja walipungua, tukawa tunaongeza ndoana na kuleta samaki wachache zaidi.

Halafu ziwa lenyewe likaanza kufunga. Udongo ulioteremshwa na mvua kutoka kwenye mashamba ya miinukoni ulijaa humo, na penye tope la kina kifupi matete hayahitaji mwaliko. Pindo likawa ukuta, ukuta ukawa msitu. Wavuvi walikata vichochoro ili wafike kwenye maji, na vichochoro vilikuwa vya kukatwa tena na tena.

Mwaka 2004 tulipita katika kimojawapo alfajiri, mjomba mbele na upondo, mimi nyuma na kafi. Panga lilikuwa kambini, ndani ya gunia, pamoja na sufuria, kama siku zote. Mchana upepo ulivuma, na mabonge ya matete yanayoelea yakasogea yakaziba njia nyuma yetu. Sikuamini. Mahali tulipopita asubuhi palikuwa na ukuta wa kijani usio na dalili ya kichochoro. Tulikata kwa kisu cha samaki, shina moja moja, tukivuta mtumbwi kwa mikono. Viganja vilichanika, na kiboko alikoroma mahali fulani tusipomwona. Tulifika ufukweni usiku. Mjomba hakusema neno mpaka chai ilipochemka, kisha akalitoa panga kwenye gunia, akalifungia kamba ya katani kwenye mpini, akalilaza juu kabisa ya kapu, juu ya mishipi.

Halijarudi kwenye gunia tangu siku hiyo. Mjomba amekwishatangulia mbele ya haki, na sasa ni mimi ninayetandika mkeka, mwanangu akitaja majina. Lami imefika Taveta. Safari iliyotuchukua siku nzima ni ya asubuhi moja. Mwanangu ana sanduku la plastiki lenye vyumba, jaketi la kuokolea maisha, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Vyote ni vizuri, jaketi hasa, na ningetamani mjomba angelivaa. Lakini ndoana ninachukua 6 tu, kubwa zote, na wavu nimeuacha. Mwaka jana siku mbili za kuvua zilitupa perege 4. Muda mwingi tulikata matete.

Jana usiku mwanangu alimaliza safu yote bila kukosea: mishipi, ndoana, nati za babu yake, kata, kamba. Akafika kwenye panga, nimelitia makali pande zote mbili. "Hili ni la kuni?" akauliza. Nikamwambia la njia. Akalifunga kamba kwenye mpini, akalivuta mara mbili kuona kama fundo limeshika.