Dawa za Marehemu na Sindano za Mgonjwa

Ndugu msomaji, fungua leo kabati lako, au ule mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango, utazame dawa zilizomo. Hutakosa nusu pakiti ya vidonge vilivyoachwa homa iliposhuka, chupa ya dawa ya kikohozi iliyoganda mdomoni, na vyengine ambavyo hapana akumbukaye vilikuwa vya nani. Hatuvitupi, kwa kuwa vilinunuliwa kwa pesa, na israfu hatuipendi.

Mamangu, Mola amrehemu, aliishi na maradhi ya sukari kwa miaka mingi. Alipofariki, jamaa walikaa kugawa vitu vyake: kanga, buibui, tasbihi. Mwisho ukaletwa mfuko wa dawa. Shangazi akasema apewe bibi mmoja wa mtaa wa pili, naye ana sukari, iwe sadaka ya marehemu. Nia yake ilikuwa njema, na thamani ya dawa zile naijua, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikizinunua. Nilikataa, pakawa na manung'uniko mpaka arubaini.

Kidonge si kanga, ndugu yangu. Daktari alikipima kwa mwili wa mtu mmoja, kwa figo zake na kwa dawa nyengine anazokula. Glibenklamidi ya sukari, kidonge kimoja tu kikimezwa na mtoto mdogo akidhani ni peremende, chaweza kuishusha sukari ya damu yake mpaka akazimia, hata akafa. Bibi yule tulimlipia dawa alizoandikiwa na daktari wake mwenyewe.

"Basi zimwageni chooni," akasema mwengine. Lakini nyumba za miji yetu ya kale, Lamu, Mombasa na Unguja, zimesimama juu ya jiwe la matumbawe lenye vitundu kama sponji, na mara nyingi shimo la choo halikai mbali na kisima. Kiingiacho huku hupata njia ya kutokea kule.

Sindano ndizo zinazonikera zaidi. Mtu huikunja kwenye gazeti, akaitia katika mfuko wa taka, akaosha mikono akiona yamekwisha. Yamekwisha kwake! Mfuko ule hubebwa begani na kijana wa mkokoteni, au hupekuliwa jaani na mtoto aokotaye chupa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu akichomwa na sindano iliyotoka kwa mwenye virusi, khatari ya kuambukizwa homa ya ini aina ya B hufikia 30 katika mia, aina ya C karibu 2 katika mia, na virusi vya Ukimwi 3 katika elfu. Utasema mgonjwa wenu ana sukari tu. Kijana yule atajuaje?

Kwetu tuliweka dumu tupu la sabuni ya maji, la plastiki ngumu, lenye kifuniko cha kuzungusha. Sindano ikitoka mwilini, moja kwa moja ndani. Likijaa robo tatu nililifunga, nikaliandika SINDANO, nikalipeleka kliniki alikotibiwa mama, baada ya kuwauliza kama watalipokea. Kuchoma uani hakufai: plastiki hutoa moshi mbaya, na ncha ya chuma hubaki majivuni.

Na vidonge, uliza kwanza duka la dawa au hospitali kama wanavirudisha. Pasipo pa kurudisha, vitoe kwenye pakiti, uvichanganye na mashapo ya kahawa au mchanga (si machicha ya nazi, yatavuta kuku na mbuzi), ufunge barabara katika mfuko, ndipo utie kwenye taka.

Akichomwa mtu, aoshe pahala pale kwa maji na sabuni, asipakamue, kisha aende hospitali saa ile ile. Dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, wala isipite saa 72.