Upepo wa Loiyangalani

Sisi watu wa visiwani hudhani upepo ni wetu: kusi na kaskazi tumezipa majina, na juu ya majina hayo tukajenga ushairi. Nilipovuka hadi Mokowe na mke wangu, tukapakia hema na madumu ya maji katika gari kuukuu, nilidhani nakwenda kulisoma jangwa kama nisomavyo kitabu.

Lami itokayo Isiolo ilitufikisha Marsabit kwa raha. Toka hapo ni mawe meusi ya volkeno, kisha Chalbi, tambarare ya chumvi isiyo na bahari. Tulisafiri kimya. Kimya hicho kilikuwa na umri wa miaka tisa, tangu nilipouza bangili zake bila kumwuliza, nipate kuchapisha diwani ambayo hadi leo imejaa mvunguni mwa kitanda.

Ziwa Turkana tuliliona jioni, kijani kama zumaridi. Usiku upepo ukashuka kutoka Mlima Kulal, ukang'oa vigingi vitatu vya hema.

"Bwana, shika upande wako!"

Tukashika, yeye huku, mimi kule, hadi alfajiri. Katikati ya kishindo kile nikamwomba radhi kwa zile bangili. Sikujua kama amesikia.

Kulipopambazuka akanimiminia chai. "Nilisikia," akasema. "Sasa nighanie hiyo diwani."

Sikuwa nayo. Nikaghani nilizozikumbuka, beti nilizozisahau akazikamilisha yeye.