Wageni wa Misheni Chini ya Mlima Meru

Safari za misheni, yaani ziara za waumini wa nchi za nje wanaokuja kujitolea katika makanisa, shule na hospitali, zimeendelea chini ya Mlima Meru kwa zaidi ya karne moja, lakini muda wake umefupika kutoka umri mzima wa mtu hadi majuma mawili, na kadiri ulivyofupika ndivyo mzigo wa kumwongoza mgeni, kumlisha na kumsemea ulivyozidi kuwaangukia wenyeji.

Wa kwanza walikuja kwa nia ya kukaa. Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari waliotumwa na Misheni ya Leipzig, chama cha Kilutheri cha Ujerumani, walifika Akeri Oktoba 1896 wakitokea Kilimanjaro, wakauawa usiku na wapiganaji waliowaona kuwa kitu kimoja na jeshi la Kijerumani lililokuwa limepiga kambi jirani, nalo jeshi hilo likalipiza kisasi kwa ukatili. Majina ya wamisionari hao wawili yanajulikana hadi leo, ilhali Wachagga waliofuatana nao, ambao baadhi yao waliuawa katika shambulio hilohilo, hutajwa mara nyingi kwa kabila lao tu. Misheni ilirudi na kufungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902 na cha Ilboru mwaka 1904. Waingereza walipowaondoa Wajerumani mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ni walimu wenyeji walioendelea kufundisha katekisimu, yaani mafundisho ya msingi ya imani, na kuongoza ibada, hivyo kwamba Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana waliokuja miaka ya 1920 walikuta sharika zilizo hai.

Desturi ya kujitolea kwa muda maalumu ilikuja baadaye, tena kwa mlango usio wa dini: Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalotuma wajitoleaji kwa takriban miaka miwili, lilileta kundi lake la kwanza Tanganyika mwaka 1961, na Wadenmark nao walifungua kituo Usa River, ambako wajitoleaji wao walijifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa vijijini. Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971 kati ya Arusha na Moshi, kilifanya iwezekane kwa mtu kuruka kutoka Ulaya, kupaka rangi darasa, kuangalia wanyama Ngorongoro na kurudi kazini kwake kabla likizo haijaisha.

Mwandishi wa kumbukumbu hii, aliyewahi kuwa mkalimani wa makundi ya namna hiyo katika vijiji vilivyo juu ya Usa River, anawakumbuka wageni wachache kwa sura na wenyeji wengi kwa maneno yao. Muuguzi mstaafu kutoka Marekani anakumbukwa kwa sababu alikubali kungoja. Bibi mmoja mwenye goti lililovimba alieleza shida yake kwa Kimeru, mhudumu wa wodi akaigeuza kuwa Kiswahili, na mkalimani akaifikisha kwa Kiingereza. Lakini mhudumu aliongeza jambo ambalo bibi hakulisema, kwamba ng'ombe wake anafugwa zizini na kila asubuhi yeye hushuka korongoni na kupanda na mzigo wa majani kichwani. Muuguzi aliweka kando dawa za maumivu alizokuwa ameshika, akauliza ni nani mwingine nyumbani anayeweza kukata majani. Kwa hakika, tiba ya siku hiyo ilitoka kwa mhudumu.

Kwenye ujenzi mambo hayakuwa tofauti. Kijana wa chuo aliyekuja kujenga bila kuwahi kushika mwiko alikabidhiwa kwa fundi aliyemfundisha timazi, ile kamba yenye kizito inayoonyesha kama ukuta umesimama wima, akimwambia, "Dogo, usiangalie tofali, angalia kamba." Mama aliyepika loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, alimwita kijana huyo mezani kwa sauti isiyohitaji mkalimani: "Mwanangu, njoo ule kwanza, ukuta hauna miguu." Siku zile fundi alilipwa kama kibarua wa wageni, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wao, na dosari hiyo haikuonekana kumsumbua mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe.

Hali hiyo imebadilika kwa kiasi. Mjitoleaji wa sasa anapaswa kuwa na kibali cha serikali, na baadhi ya makundi hutuma fedha mapema ili mafundi wa kijiji wajenge kwa mkataba, wageni wakija tu kuona kazi na kusali pamoja na wenyeji. Mabadiliko makubwa zaidi ni ya mwelekeo wa safari yenyewe, kwani weltwärts, programu ya serikali ya Ujerumani iliyoanza mwaka 2008 kwa kutuma vijana wake nje, baadaye ilianza pia kupokea vijana wa nchi nyingine, na Misheni ileile ya Leipzig sasa huwapokea Watanzania wanaojitolea huko.

Binti wa yule mpishi wa loshoro alipata nafasi ya namna hiyo katika nyumba ya kutunzia wazee. Katika simu zake kwa mama yake alilalamika kwamba kila saa ya kahawa wazee humtaka awasimulie habari za simba, naye amekulia jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo haina simba. Mama alimshauri awasimulie habari za ng'ombe.