Askari wa udongo na swali nililochelewa kuuliza

Juma lililopita mwanangu wa miaka tisa alilikuta kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akalimwaga sakafuni. Wakatoka askari 26 wa udongo, wengine hawana vichwa. Mama yake akasema ni takataka, zitupwe. Nilijikuta nimepaza sauti: "Msiwaguse!"

Tuliwafinyanga mwaka 1985 nyumbani Kalemela, siku hizo tukiwa bado Wilaya ya Magu, kabla ya kuwa Busega na Mkoa wa Simiyu. Udongo mweusi wa mbugani, bunduki za vijiti, vifaru vya maboksi ya kiberiti. Tulichora Mto Kagera ardhini, tukapigana kwa gololi: askari akiangushwa, amekufa. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, nani awe jeshi la Amin. Daima ilimwangukia mdogo kuliko wote, yaani mimi.

Baba mdogo alipigana vita ile ya 1978 na 1979, lakini hakuwahi kuisimulia. Jioni moja alisimama akitutazama, kisha akachuchumaa.

"Daraja la Kyaka mmeliacha zima," akasema. "Lilikuwa limevunjwa."

Akalibomoa kwa kidole. Akawasogeza askari taratibu mpaka Mutukula, kisha Masaka. Sisi kimya. Halafu akachukua wawili, akawalaza pembeni.

"Hawa tulikula nao sahani moja."

Akainuka, akaenda zake. Bibi akatuonya tusimuulize. Hatukuuliza. Alifariki mwaka 2003, nami nikabaki na kopo.

Ukubwani nilisoma kwamba Ulaya watu wazima hukusanya askari wadogo wa zamani, wa enzi za Napoleon, na kupigana nao mezani kwa kanuni maalumu. Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa namna hiyo mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita ya kweli ikaanza, ikafika hadi Tanga. Nikamkumbuka baba mdogo, aliyeanza na vita ya kweli kabla ya kuuona mchezo.

Jumapili nilimchorea mwanangu Mto Kagera kwa chaki sebuleni. Daraja tukalivunja. Nikawalaza wale wawili pembeni. Mama yake naye akaja, akaketi.

"Baba, hawa waliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi alikuwa sahihi, tulikuwa watoto. Lakini baadaye nilikuwa mtu mzima, nikikaa na baba mdogo kwenye kiti kimoja cha uani, na bado sikuuliza. Niliita heshima kilichokuwa woga.

Msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mzee anayenyamaza, kaa naye. Akisema jina moja tu, liandike.