Nampenda Tonya, Simtetei

Kuna sehemu moja ya filamu ya I, Tonya ambayo ni ya kubuniwa kabisa, na ndiyo iliyonifanya nimheshimu Tonya Harding zaidi. Ni ule mruko. Unamwona Margot Robbie, anayemwigiza, akishika kasi kwenye barafu, anaruka, anazunguka hewani mara tatu na nusu, anatua kwa mguu mmoja. Ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyezunguka mara tatu na nusu pale. Ni kazi ya kompyuta. Watengenezaji walitafuta mwanamke wa kuwafanyia mruko huo wakamkosa, kwa sababu wanaouweza duniani walikuwa wa kuhesabika. Hiyo ni 2017. Tonya aliufanya mwaka wa 1991 mjini Minneapolis, kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, akiwa na miaka 20 tu.

Kama mchezo wa kuteleza kwenye barafu huujui, usijali. Sisi watu wa Nairobi, barafu tuliyoizoea ni ya friji, labda kama uliwahi kupelekwa ile ya Panari kule Mombasa Road ukashikilia ukuta saa nzima. Wacha nikueleze. Mruko unaitwa Axel, na ndio pekee ambao mchezaji anaruka akiangalia mbele kisha anatua akirudi nyuma, kwa hivyo lazima aongeze nusu mzunguko. Mwanamke wa kwanza kuufanya wa mizunguko mitatu na nusu mashindanoni alikuwa Midori Ito wa Japani, 1988. Wa pili ni Tonya, na ndiye Mmarekani wa kwanza. Siku hiyo jaji mmoja alimpa 6.0 kwa ufundi, alama ya juu kabisa.

Lakini mchezo huo wakati ule ulikuwa na alama mbili: ya ufundi na ya mwonekano. Hapo kwa pili ndipo shida ilipokuwa. Tonya alikulia Portland, Oregon, kwenye familia ya kuhesabu senti. Mamake alikuwa mhudumu wa mkahawa. Nguo zake nyingi za mashindano zilishonwa nyumbani. Alivuta sigara, alitengeneza magari, alisema lililomjia mdomoni. Majaji walitaka binti mfalme. Wewe uliyewahi kuchekwa kwa kushrabu kwenye intavyuu, au ukaambiwa una kipaji lakini "hujakaa vile tunataka", hiyo lugha unaielewa bila tafsiri. Wanakubali kazi yako. Shida yao ni wewe mwenyewe.

Halafu ikaja tarehe 6 Januari 1994, Detroit. Nancy Kerrigan, mpinzani wake, alikuwa anatoka mazoezini mtu alipomgonga kwa rungu la chuma juu kidogo ya goti la kulia. Mpango ulitoka kwa Jeff Gillooly, aliyekuwa mume wa Tonya, pamoja na mlinzi wake Tonya. Siku mbili baadaye Tonya akashinda taji la taifa, Nancy akiwa hayupo barafuni.

Filamu inatupitisha humo kwa kichekesho. Kila mtu anaangalia kamera na kutoa toleo lake, na matoleo hayapatani. Tonya anasema mamake alimpiga, mama anakana mengi. Allison Janney alipata Oscar kwa kumwigiza huyo mama, na aliistahili, kwa sababu kila akitokea unajikunja kidogo kwenye kiti. Unaona mtoto anapigwa nyumbani, anaolewa akiwa msichana tu, anaendelea kupigwa, na bado kila alfajiri anaenda kuruka. Utakosaje kumpenda?

Nilikuwa naitazama na mdogo wangu, laptopu katikati yetu kitandani. Yeye alicheza soka hadi kidato cha tatu, winga wa kulia, mwepesi kama swara. Kwenye mechi moja, beki wa timu pinzani alimkanyaga goti makusudi, mpira ukiwa mbali. Hakurudi uwanjani tena. Mimi nilicheka pale wale wababaishaji walivyokuwa wakivuruga mpango wao wenyewe. Yeye alinyamaza, kiganja juu ya goti. Ilipoisha nikasema, "Manze, huyu dem walimwonea."

Akanijibu taratibu tu: "Sawa. Na goti ni la nani?"

Tangu hapo swali hilo limekataa kunitoka. Ukiangalia vizuri, filamu inampa Nancy nafasi ndogo sana, na karibu haongei. Tunaachiwa picha ya tajiri mrembo dhidi ya maskini mkaidi. Lakini babake Nancy alikuwa mchomeleaji vyuma, na aliendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani ili bintiye apate mafunzo. Mamake alikuwa karibu kipofu. Nancy naye alitoka kwa watu wa jasho. Kwa hivyo umaskini unaeleza kwa nini Tonya alikuwa na hasira. Hauelezi rungu.

Tonya alikana daima kwamba alipanga shambulio. Machi 1994 alikiri kosa la kula njama ya kuzuia mashtaka dhidi ya waliohusika: faini na malipo mengine ya jumla ya dola 160,000, uangalizi wa miaka mitatu, saa 500 za kazi za jamii. Mwaka wa 2018 alisema kwenye televisheni kwamba kabla ya tukio aliwahi kuwasikia wakiongea kuhusu kumwondoa mtu ili yeye aingie timuni. Ukisikia hivyo, neno "hakujua" linakuwa gumu kulitetea.

Kwenye filamu anamsihi hakimu amfunge jela kuliko kumnyima barafu. Katika maisha halisi, aliyemfungia maisha ni chama cha mchezo huo, Juni mwaka huo. Akiwa na miaka 23, kitu pekee alichokijua vizuri kikaisha. Miaka ya baadaye akaingia kwenye ndondi, watu wakalipa kumtazama akipigwa. Sehemu hiyo inaniuma. Naye Nancy, wiki saba baada ya rungu, alichukua medali ya fedha kule Lillehammer. Tonya alimaliza wa nane.

Sasa nimebaki na nini? Tunapenda kuwagawanya watu, huyu wa kupigiwa makofi, yule wa kutupiwa mawe, hasa mtandaoni, ambako kesho yake tunabadilisha. Mimi nataka kuyashika yote mawili. Nampenda Tonya kwa sababu ya kile alichoweza kwa mwili wake, kwenye chumba kilichojaa watu waliotamani awe mtu mwingine. Na mdogo wangu akipanda ngazi za fleti yetu polepole siku za baridi, sina maneno ya kumtetea Tonya, wala siyatafuti.

Taji la 1994 alipokonywa, na naona ilikuwa haki. La 1991 bado ni lake.