Somo wa Tanga, Somo la Leicester

Leicester, Jumanne. Leo watoto wa miaka 10 na 11 hawakukaa kwenye viti. Walikaa zuliani, duara, na mwalimu wao naye chini. Katikati paliwekwa boksi la viatu lililotobolewa juu. Kila mtoto alipewa kipande cha karatasi aandike swali lolote kuhusu mwili unaokua, bila jina. Asiye na swali aandike alichokula asubuhi. Sikuelewa mpaka walipoinama wote kuandika: kila kalamu ikisogea, hakuna wa kunyooshewa kidole kwamba yule ndiye mwenye swali.

Karatasi ya tatu ilisomeka hivi: nikianza kutoka damu darasani, nimwambie nani? Mwalimu hakubadili sauti. Alitaja watu wawili, akataja na droo ya chooni zinakowekwa taulo za kike. Mwaka 2020 serikali ilianza kuzigharamia kwa shule za umma za Uingereza, za msingi zikiwemo. Wavulana walikuwa humo humo duarani, wakisikiliza. Hakuna aliyecheka, na mimi, mwalimu mgeni kutoka Tanga niliyefundisha miaka 19, nilijikuta nimeinamisha macho.

Tangu Septemba 2020, elimu ya mahusiano ni ya lazima katika kila shule ya msingi huku, na shule za umma hufundisha afya pia: kubalehe, hedhi, usingizi, huzuni, usalama mtandaoni. Kwetu Tanzania mada hizi zimetawanyika, nyingine kwenye Sayansi, nyingine kwenye maadili, na mwalimu mwenye haya huziruka.

Usiku, chumbani. Nimemkumbuka somo yangu. Nilipovunja ungo mama hakuniambia neno. Alifunga mlango wa chumba akaenda kumwita bibi wa nyumba ya tatu. Yule bibi alinifundisha kukunja kitambaa, kukifua na kukianika kisipoonekana, kuoga, kuhesabu siku. Alinifundisha pia mambo ya mume ambayo msichana wa miaka 13 hakuwa na haja nayo, na hilo silitetei. Lakini aliendelea kuwa somo yangu mpaka nilipoolewa, na baada ya hapo. Neno lenyewe ni moja: kwetu somo alikuwa mtu, huku somo ni kipindi. Kipindi kina kengele. Dakika 45 zikiisha, duara linavunjika na watoto wanafungua vitabu vya hesabu.

Ningewashinda Waingereza kwa hoja hiyo kama kina somo wangekuwapo bado. Mwaka jana msichana wangu wa darasa la tano alifunga sweta kiunoni saa nne asubuhi, akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya siku sita. Mama yake anafanya kazi mjini, bibi yake alikwisha kufariki, na mimi mwalimu wake sikuwa nimemwambia lolote. Alikuwa amedhani anaumwa ugonjwa wa kufa.

Jumatano. Wadogo wa miaka 5 wanafundishwa kanuni ya chupi ya NSPCC, shirika la kulinda watoto: kilichofunikwa na chupi ni chako, hakuna wa kukigusa ukikataa, na siri inayokuumiza moyo isemwe. Viungo wanavitaja kwa majina yake, kama wanavyotaja goti.

Hapo nilikwama kwenye lugha yetu. Sisi twasema sehemu za siri. Mtoto tumemwambia mahali pale ni siri, kisha tunamtaka atoe siri akiguswa pale pale. Atatumia neno gani, naye jina lenyewe amekatazwa? Tuna neno faragha. Sehemu za faragha zina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kusema nani kaziingilia. Uke na uume ni Kiswahili safi, si matusi. Nimeamua darasani kwangu nitayasema.

Getini nilikutana na mama wa Mombasa aliyekuja kumchukua bintiye. “Mwanzo niliogopa, mwalimu,” aliniambia. “Nikadhani wataka kumfundisha mwanangu uchafu. Nikaitwa, nikaonyeshwa vitabu vyote. Nikaambiwa elimu ya kujamiiana naweza kumtoa. Nikamtoa. Ya kubalehe na ya kujilinda hayana kutoka, nami hata ningeruhusiwa nisingemtoa. Mimi mwenyewe sina mdomo wa kuyasema.”

Ndivyo sheria ilivyo: katika shule ya msingi mzazi anaweza kumtoa mtoto kwenye elimu ya kujamiiana, isipokuwa yaliyomo katika Sayansi. Nimeipenda njia hiyo ya kumwita mzazi na kumfungulia kitabu kabla ya kumfundisha mwanawe. Nikifika nyumbani nitawaita kina mama kwanza, na bibi mmoja mwenye busara aje akae nasi darasani.

Kwenye mlango wa choo cha watoto nilisoma namba ya Childline, huduma ya simu ya watoto iliyoanza 1986. Niliwauliza watatu, wote waliijua kwa kichwa. Walimu wenzangu, boksi la viatu halihitaji bajeti, wala namba yetu haihitaji bango la rangi, chaki inatosha. Tanzania na Kenya, simu ya mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.