Ngano Iliyopunguzwa Gluteni: Je, Ni Kubadilisha Uumbaji wa Allah?



Ndugu yangu katika imani, huenda na wewe umetumiwa ule ujumbe unaodai kuwa ngano iliyohaririwa jeni ina chembe za nguruwe. Kabla hujausambaza, nisikilize kidogo.

Watafiti wa Qurtuba (ndiyo, Qurtuba ile ile ya Andalus, leo ni mji wa Hispania) walichapisha mwaka 2018 kazi yao juu ya ngano. Wapo watu ambao wakila mkate, chapati au maandazi, kinga ya mwili wao huushambulia utumbo wao wenyewe kwa sababu ya gluteni. Ugonjwa huo huitwa siliaki, na tiba yake ni kuiacha ngano na shayiri maisha yote. Watafiti hao hawakupandikiza jeni ya mnyama. Walitumia CRISPR, ambayo ni mfano wa mkasi, wakazikata jeni za ngano yenyewe zinazotengeneza protini zile zenye madhara. Kati ya jeni 45 walizozitambua, kwenye aina moja ya ngano hiyo walifanikiwa kuzigusa 35, na ule uchokozi kwa mwili ukapungua kwa asilimia 85.

Wengine hukimbilia Surat An-Nisaa aya ya 119, inayotaja kubadilisha uumbaji wa Allah. Mimi sioni kuwa inamlenga anayemwondolea mgonjwa madhara. Watu wa Madina waliacha kuchavusha mitende kwa rai ya Mtume ﷺ, mavuno yakaharibika, naye akawarudishia wenyewe mambo hayo ya dunia yao.

Hofu yangu iko sokoni. Asilimia 85 si 100, ndugu yangu! Mfuko ukiandikwa kuwa ni salama kwa kila mtu, mtoto mwenye siliaki ataumia na muuzaji ataulizwa. Mtume ﷺ alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta majimaji chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone.

Na wewe dada uliyeniandikia kuhusu mwanao, usiingoje ngano hiyo. Mchele, mahindi, muhogo na mtama havina gluteni. Ila ukipeleka mashineni, waulize kwanza kama wametoka kusaga ngano.